Ukuta wa Kaskazini wa Nyumba ya Avis

Ukuta wa kaskazini wa nyumba hii unatoa maji. Jua la asubuhi likiupiga, rangi inavimba malengelenge makubwa kama kiganja, na ukilibonyeza moja linapasuka, maji yanakuchuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Januari maji hayo yaligeuka barafu ndani ya mbao, mbao zikaanza kupasuka zenyewe, moja hapa, moja pale, kwa mlio wa mtu anayevunja vidole. Niliandikia kamati barua. Kamati ikanijibu kwamba barua yangu imepokelewa.

Nyumba ilijengwa na babu wa babu yake Avis, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, na tangu siku hiyo imevaa vazi lilelile: mbao nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine, ya juu ikifunika kichwa cha ya chini, kama magamba ya samaki, kutoka msingini hadi paani. Avis, mke wangu, alizaliwa katika chumba cha kaskazini, na katika chumba hichohicho akafa. Aprili iliyopita ilitimia miaka mitatu.

Mimi naishi humu lakini nyumba si yangu. Avis aliiacha kwa chama cha turathi cha mji. Mimi niliachiwa nikae humu mpaka nife, kwa sharti moja: nisibadilishe kitu chochote katika kuta zake, hata msumari mmoja, bila kibali cha kamati ya chama hicho kwa maandishi. Nikivunja sharti, nafungasha. Ndivyo ilivyoandikwa. Na miaka yote mitatu nilikuwa na hakika kwamba maneno hayo hayakutoka kichwani mwa Avis. Kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kuandika Avis ni orodha ya dukani. Hayo ni maneno ya wakili, na wakili kwenye kamati alikuwa mmoja tu, mwenyekiti wao, Bi Constance Whitlow, ambaye alikuwa akija kumwona mgonjwa kila Alhamisi na keki ya ndimu. Alikuja na keki akaondoka na nyumba. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilisema mahali pengi.

Bi Whitlow ameishi hapa miaka kumi na tisa. Hapa kwetu Maine, pwani ya kaskazini ya Marekani, huyo bado ni mtu wa kuja. Hata akizikwa hapa atakuwa mtu wa kuja aliyezikwa.

Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne, baba alipoumia mgongo. Nikaingia kiwanda cha mbao za kuta, nikakaa miaka thelathini na minne mpaka kilipofungwa. Kwa hiyo sijui kuandika barua ya kuitetemesha kamati, lakini ubao naujua. Najua kwamba gogo halipasuliwi ovyo. Unalishika ncha mbili, msumeno unaingia mpaka karibu na moyo, unalizungusha kidogo, unaingia tena, kama mtu anayekata keki. Kila kipande kinatoka kinene upande mmoja, chembamba upande mwingine, na kinatulia ukutani miaka mia bila kujikunja. Na najua kwamba kati ya ubao na ubao huachwa uwazi mwembamba, hata karata haipiti kwa raha, na kwamba uwazi ule si uvivu wa fundi. Nyumba ya mbao inapumua. Mvuke wa birika, wa kuoga, wa watu kulala, wote hutokea hapo.

Sasa, miaka miwili iliyopita kamati ilimleta msimamizi wake, Garrison Pell, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye cheti cha kutunza majengo ya kale. Alileta mafundi wenye bunduki za mpira, ule mpira mweupe wa kuzibia kingo za bafu, wakaziba kila uwazi chini ya kila ubao, ukuta wa kaskazini wote, kwa sababu upepo wa bahari ndiko unakopiga. Nilitoka na kikombe changu cha chai nikamwambia anaivalisha nyumba koti la mvua na kuitaka ilale nalo.

Pell alitabasamu kwa heshima, ile heshima wanayowawekea wazee kabla ya kuwapuuza. "Mzee Harlan, siku hizi dawa za kuzibia zimebadilika sana."

"Maji hayajabadilika," nikamwambia.

Akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Mafundi wakaendelea.

Ndiyo maana mwaka huu niliamua kuwapeleka kwenye mkutano wa mji. Kila Machi sisi tunakutana kwenye ukumbi wa michezo wa shule, kila mwenye kura, tunaamua mambo yetu kwa kuinua mikono, kuanzia jembe la theluji mpaka nyasi za makaburini. Ukipata saini kumi, hoja yako inaingia kwenye orodha hata kama wakubwa wamenuna. Saini zangu zilikusanywa na Elwin Tarbox, rafiki yangu tangu kiwandani. Tisa alizipata kwa maneno mazuri. Ya kumi aliipata kwa kukaa jikoni kwa mtu mpaka mwenye nyumba akachoka.

Hoja yangu ilikuwa ya thelathini na moja. Ilisema ukuta wa kaskazini ufunguliwe mchana kweupe, mbele ya kamati, na mimi ndiye niufungue pamoja na Pell. Ikionekana ubovu umetokana na ule mpira, kamati iubandue nyumba nzima na ukarabati wote uwe wangu, bila malipo. Ikionekana chanzo ni kingine, Pell aendelee na mafundi wake na mimi nifunge mdomo. Neno la mwisho lilikuwa la Elwin. Mimi sikutaka liandikwe, akasema bila hilo hatupati kura.

Bi Whitlow alisimama akaongea dakika saba. Alisema juu ya viwango, juu ya bima, juu ya hatari ya kila mtu kuwa fundi kwa sababu ana nyundo. Mimi nikapewa nafasi. Nilisema ukuta unaoza na mke wangu alizaliwa nyuma yake, nikakaa. Mtu wa nyuma akauliza kama kamati inaogopa kukuta nini humo ndani, na Elwin akajibu bila kupewa ruhusa kwamba pengine wamemficha humo yule fundi wa mwisho aliyemaliza kazi kwa wakati. Watu wakacheka mpaka mwenyekiti wa mkutano akagonga meza. Mikono ikahesabiwa mara mbili. Hamsini na nane kwa hamsini na moja. Chakula cha mchana kilikuwa maharage ya kuoka na mkate wa kahawia, na nilikula sahani mbili huku nikitazamana na meza ya kamati.

Walikuja wiki ya pili ya Mei, wote watano, na viti vya kukunja na chupa za kahawa kana kwamba wanakuja kutazama mpira. Elwin alileta donati. Pell alivaa viatu vipya vya ngozi.

Ukuta wa namna hii unafunguliwa kutoka juu. Nilianza chini ya kizingiti cha dirisha. Unapenyeza msumeno mwembamba chini ya ubao, unaukata msumari bila kuumiza kingo, unauvuta ubao chini polepole. Ubao wa kwanza ulitoka mzima. Nyuma ulikuwa mweusi kama chini ya sufuria. Wa pili vilevile, na nyuzi za ule mpira mweupe zikining'inia kama minofu kwenye meno.

Sitasema uongo, nilifurahi. Nilimpa Bi Whitlow ubao aushike mwenyewe. Nikawaeleza kamati, mmoja mmoja, mvuke ulivyotaka kutoka ukakuta mlango umefungwa. Pell alinyamaza. Nilikuwa nimengoja miaka miwili ninyamaziwe namna ile.

Kisha nikavuta ubao wa tatu, na kwenye zile mbao pana za ndani nikaona duara. Duara dogo la mti, kama sarafu, lililozibwa vizuri na kusuguliwa. Na hatua moja kutoka hapo, jingine. Niliyaona kabla ya mtu mwingine kuyaona kwa sababu niliyaweka mimi.

Majira ya baridi ya mwisho ya Avis, Avis alikuwa na baridi. Dawa zilimnyonya joto lote. Nilimwomba tuhamie upande wa jiko, akakataa. Alitaka chumba chake. Alilala na kofia mbili za sufu na bado vidole vyake vilikuwa vya bluu. Ukuta ule ndani ulikuwa mtupu tu, hewa kati ya ubao na lipu, kama alivyouacha babu wa babu yake. Kumwambia kwamba nataka kuutoboa ukuta wa baba zake ilikuwa sawa na kumwambia nataka kumng'oa meno. Basi binti yetu alipompeleka hospitali ya Bangor siku tatu, Elwin aliniletea mashine ya shemeji yake. Nikatoa safu moja ya mbao, nikatoboa kwa keekee tundu moja kati ya kila nguzo na nguzo, nikapuliza ndani machicha ya karatasi, yale ya kuzuia baridi, magunia ishirini na mawili. Nikaziba, nikarudisha mbao, nikapaka rangi. Avis aliporudi alikaa kitandani kidogo akavua kofia moja. Hakuuliza kitu. Sikusema kitu.

Na katika kelele zangu zote juu ya mpira wa Pell, sikuwahi kuyaweka mambo haya mawili mahali pamoja. Au niliyaweka, nikayatenganisha haraka.

Pell alikuwa ameshaona maduara. Akapiga magoti, akapenyeza mtaimbo mdogo, akang'oa mbao za nje zilizobaki mpaka chini, kisha ubao mpana wa ndani, na yale machicha yakamwagika yakiwa uji wa kijivu, yakafunika viatu vyake vipya. Harufu ilikuwa ya magazeti yaliyosahauliwa ghalani. Akaingiza kidole kwenye lile gogo la chini linalobeba ukuta wote. Kidole kilizama mpaka fundo la pili.

"Huu si uozo wa miaka miwili," alisema. Hakusema kwa ushindi. Ningependelea angesema kwa ushindi. "Huu umeanza kabla yangu. Machicha yamenyonya unyevu, yakaulaza juu ya gogo. Mpira wangu umekuja kumalizia."

Bi Whitlow aliinuka kitini. Akauliza ni nani aliyeweka kitu hiki.

Elwin alikuwa anatazama tundu la donati yake. Kisha, Mungu ambariki na amsamehe, akasema kwamba baba yake Avis alikuwa mtu wa majaribio sana, miaka ile mafuta yalipopanda, na haitakuwa ajabu. Mjumbe mmoja wa kamati akaitikia kwa kichwa, akasema kweli, mzee yule alikuwa na mambo yake. Njia ikafunguka mbele yangu pana kabisa. Mzee amekufa miaka ishirini. Asingekataa.

Lakini mzee yule aliwahi kunifuata mpaka kibarazani kwa sababu nilipigilia ndoano ya koti bila kumwuliza. Kumtwisha maiti dhambi ambayo asingeifanya kwa bunduki kichwani, na ndani ya nyumba yake mwenyewe, hapana.

"Ni mimi," nikasema. "Avis alipokuwa mgonjwa. Hakujua."

Bi Whitlow alivua miwani. "Alijua, Harlan."

Nikamwambia asinifundishe mke wangu.

"Alikuta vumbi la karatasi kwenye kizingiti cha dirisha," akasema. "Na harufu ya rangi, Februari. Alijua siku ileile. Aliniambia Alhamisi tulipokuwa tunaandika wosia. Lile sharti mimi sikulitaka. Nilimwambia ni gumu mno kwa mume aliyemhudumia. Akasema, 'Andika. Andika hata msumari. Harlan akinipenda zaidi kidogo, nyumba yote itaanguka.'"

Hiyo ilikuwa sauti ya Avis. Wakili hawezi kutunga hilo hata akisoma miaka mia.

Nilitafuta kitu cha kusema nikapata hasira tu, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Nikamwuliza kwa nini ameniacha miaka mitatu nikimtukana dukani, posta, kanisani, naye ana neno hilo mfukoni.

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unatukana tu."

"Na ulijua kuna machicha ukutani," nikasema, "ukamwacha huyu azibe?"

Akasema yeye alielewa kwamba kosa lilikuwa kutoboa matundu, hakujua kilichomo ndani kinaweza kudhuru. Aliona ni siri ya mgonjwa, akaitunza.

Pell alikuwa bado amepiga magoti na uji ule miguuni. Alimtazama mwenyekiti wake, akanitazama mimi, kisha akasema taratibu kwamba kama mmoja wetu, yeyote kati yetu, angemwambia maneno mawili miaka miwili iliyopita, asingegusa uwazi hata mmoja kabla ya kufungua ukuta. Wala hakupaza sauti. Kwa mara ya kwanza nilitamani yule kijana angekuwa na adabu pungufu.

Niliuliza kama nifungashe. Bi Whitlow akasema hapana. Nililofanya nilifanya kabla ya wosia kuandikwa, na sheria hairudi nyuma. Avis bila shaka aliijua tarehe. Aliniachia mlango huo mmoja, akafunga mingine yote.

Sasa ungedhani, baada ya kusikia yote, ukuta ukiwa wazi na mbingu ikijaa mawingu upande wa baharini, watu wazima wanane wangeshika nyundo. Kamati haiwezi. Gogo la chini ni sehemu ya asili, kuling'oa kunahitaji kikao, na kikao ni Jumanne ya kwanza ya mwezi. Nilisema mvua haijui Jumanne. Katibu akaandika. Tuliufunika ukuta kwa turubai, mimi, Elwin na Pell, tukaubana kwa mawe, na upepo ukaanza kulipiga turubai hilo kabla viti havijakunjwa. Siku ishirini na moja niliishi nyuma ya kitu kinachopiga makofi.

Kikao kilipoketi kiliamua mpira ubanduliwe nyumba nzima, machicha yatolewe yote, gogo jipya la mwaloni liingizwe, mbao zilizopona zirudishwe. Kazi iwe chini ya Pell. Na bwana Harlan Dyer, yaani mimi, anaruhusiwa kusaidia. Nililisoma neno hilo mara tatu. Kwenye gogo ambalo mimi nalijua kutoka moyoni mpaka ganda, naruhusiwa kusaidia. Nikakunja barua nikaiweka chini ya bakuli la sukari, kesho yake saa moja asubuhi nikawa nje na mkanda wangu wa misumari, maana ningefanyaje?

Pell si fundi mbaya. Hilo sitamwambia. Alikodi jeki mbili, tukainua ukuta kwa unene wa kidole, tukaliondoa gogo bovu kwa koleo kama tunachota samadi. Mbao za chini anazibananisha, na kadiri anavyopanda anaziachia nafasi pana kidogo kidogo, kama wazee walivyofanya, kwa sababu chini ndiko mvua inakorukia. Sikumfundisha mimi. Nilimsahihisha mara moja tu, alipopiga msumari chini mno ukashika mbao mbili kwa pamoja. Ubao ukibanwa kichwa na miguu utapasuka ukivimba. Akaung'oa bila neno. Akaniuliza kiwandani tulikuwa tunakata magogo mangapi kwa siku, nikamwambia, akaniuliza tena jambo jingine, nikamwambia na hilo.

Bi Whitlow alikuja Alhamisi kukagua. Alisimama kwenye nyasi na mikono nyuma. Nilikuwa juu ya ngazi na ubao wa mwisho chini ya dirisha la Avis, na nyuma ya ubao ule sasa hakuna kitu, hewa tu, kama zamani. Chumba kitakuwa na baridi tena Desemba. Nilimwambia hivyo bila kugeuka. Nikamwambia na kamati yake iandike hilo pia, kwamba nyumba imepona na mtu wa kulala humo atetemeke.

Akasema ataandika. Kisha akasimama pale kwa muda, mpaka nikageuka nione anangoja nini.

"Kuna jambo jingine alisema siku ile," akasema. "Sikuliandika kwa sababu halikuwa la wosia. Alisema tangu utoboe ukuta alikuwa analala usiku kucha."

Pell aliacha kupiga nyundo. Nilikaa kwenye ngazi na misumari minne mdomoni, sikuweza kuitema wala kuimeza. Kitanda changu kilikuwa kando ya chake majira yale yote. Kati yetu palikuwa na meza ndogo, upana wa mkono mmoja. Angeweza kunong'ona nikasikia.

Nilitoa misumari mdomoni mmoja mmoja nikamwambia Bi Whitlow kwamba neno kama hilo lilipaswa kunifikia mimi kwanza, kutoka kwa Avis mwenyewe, na si kutoka kwa mwenyekiti wa kamati, kwenye nyasi, baada ya miaka mitatu. Akasema anakubali. Nikamwambia sijamwuliza kama anakubali. Kisha nikaurudia ubao, kwa sababu ulikuwa umeshikiliwa na msumari mmoja tu, nao ulikuwa umeanza kuteleza.